Sura ya Tano: Yunani, Ajemi, na Bahari Yetu

Katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, Mwananyamala na Tandale kwa upande wa Kinondoni, habari ya vita vya Wayunani na Waajemi husimuliwa mahali pawili, na ni nadra kumpata mtu aliyezisikia zote mbili akatambua kwamba zahusu ugomvi mmoja. Pa kwanza ni katika yale mabanda ya video ambayo vijana huyaita vibanda umiza, ambamo filamu ya Kimarekani ya mwaka 2006 iitwayo 300 imewafundisha wengi jina la Leonidas, mfalme wa Sparta, na jinsi alivyosimama na watu wake mia tatu katika njia nyembamba ya Thermopylae kuyazuia majeshi ya Xerxes. Pa pili ni chuoni, ambapo watoto waliokaa mkekani baada ya sala ya alasiri huisoma sura ya 30 ya Kurani, iitwayo Ar-Rum, ambayo mwanzoni mwake hutajwa kushindwa kwa Warumi katika nchi ya karibu, kisha ikatolewa ahadi kwamba wao nao watashinda kabla ya miaka mingi kupita. Na maalim, akiulizwa ni nani aliyewashinda Warumi hao, hujibu bila kusita kwamba ni Waajemi.

Miaka karibu 1,100 ndiyo iliyopita baina ya vita vya bandani na vita vya chuoni. Dola zilizopigana mwanzoni sizo zilizopigana mwishoni: ukoo wa Koreshi na Dario ulikwisha, wakaja Waparthi, kisha wakaja Wasasani, na kwa upande wa pili miji huru ya Wayunani ilimezwa na Makedonia, kisha na Roma, hata kiti cha enzi kilipohamia Konstantinopoli, na Kiyunani kikawa ndicho kinachosemwa sokoni, kanisani na, mwishowe, katika baraza la Kaisari mwenyewe. Walakini mipaka ilikuwa karibu ile ile, bahari zilikuwa zile zile, na uadui ulirithiwa pamoja na ardhi. Kwa hiyo sioni ubaya kuvisoma vita hivi vyote kuwa kisa kimoja kirefu. Na tena naamini kwamba sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kukisoma ambayo wasomaji wa London na Athens hawana, kwani kisa hiki kadiri kilivyorefuka ndivyo kilivyosogea kusini, kikatoka katika milima ya Ugiriki kikaingia Bahari ya Sham, na kutoka Bahari ya Sham kikafika katika maji yavumiwayo na kusi na kaskazi.

Chanzo chake hakihitaji maneno mengi. Koreshi alipoivunja dola ya Lidia, yapata mwaka 546 K.K., alijipatia pia miji ya Wayunani iliyokuwa pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Mwaka 499 K.K. miji hiyo iliasi na kuomba msaada ng'ambo, nayo Athens ikapeleka merikebu 20 na Eretria 5. Mwaka uliofuata waasi wakauteketeza Sardi, mji alikokaa liwali wa Kiajemi. Dario hakulisahau jambo hilo. Aliwatuma wajumbe wake Ugiriki kudai udongo na maji, ndiyo alama ya utii, na Wasparta, kwa mujibu wa riwaya ya Wayunani wenyewe, waliwatumbukiza wajumbe kisimani wakawaambia wajichotee humo. Mwaka 490 K.K. jeshi la Dario likashindwa Marathon. Miaka kumi baadaye mwanawe Xerxes, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero, mume wa Esta katika Biblia, akaja mwenyewe kwa nchi kavu na kwa bahari, akapita Thermopylae, akaichoma Athens, akashindwa katika mlango wa bahari wa Salamis mwaka 480 K.K., na mwaka uliofuata jeshi aliloliacha nyuma likavunjwa huko Plataea.

Mapigano haya yamekwisha kuelezwa mara nyingi na watu wenye kalamu kali kuliko yangu, nami sitakaa kuyarudia. Ninalotaka tulitazame kwa karibu ni lile ambalo filamu haimwachii mtazamaji nafasi ya kuuliza, nalo ni hili: ni nani hasa waliokuwamo katika jeshi la Xerxes? Kijana wa Temeke anayetazama humwona mjumbe wa Kiajemi, mtu mweusi, akipigwa teke na kuangukia kisimani, na banda zima hushangilia. Ilhali mtu huyo mweusi hakubuniwa bila msingi wowote, maana Waafrika walikuwamo kweli katika msafara ule. Herodotus, aliyezaliwa Halikarnaso chini ya himaya ya Waajemi muda mfupi kabla ya vita vya Salamis, na ambaye ndiye tunayemtegemea kwa sehemu kubwa ya habari hizi, aliliorodhesha jeshi la Xerxes taifa baada ya taifa, na miongoni mwao akawataja Wahabeshi waishio kusini ya Misri, jina ambalo kwa Wayunani lilimaanisha watu weusi wa huko juu ya mto Nili. Asema kwamba walivaa ngozi za chui na simba. Pinde zao zilikuwa za mti wa mtende, ndefu zisizopungua dhiraa nne. Mishale yao ilikuwa mifupi, yenye ncha ya jiwe lililonolewa badala ya chuma. Mikuki yao ilitiwa pembe za swala, na walichukua marungu. Na walipokwenda vitani walijipaka nusu ya mwili kwa chokaa na nusu ya pili kwa ngeu. Amiri wao alikuwa Arsames, mwana wa Dario.

Wamisri nao walikuwamo, na merikebu zao 200 zilisifiwa baada ya vita vya Artemisium kwa kuteka merikebu tano za Wayunani pamoja na mabaharia wake. Lakini Wamisri hao hao, ambao nchi yao ilitekwa na Waajemi mwaka 525 K.K., walikuwa wamekwisha kuasi mara moja kabla ya Xerxes kuvuka kwenda Ulaya, na baadaye wakaasi tena chini ya Inaros, safari hii Athens ikiwaletea merikebu za kuwasaidia. Kwa hiyo mtu anayetafuta upande wa Waafrika katika vita vile atawakuta pande zote mbili, kama watawaliwa wanavyokuwa aghalabu wakati wa vita vya watawala wao. Na sisi ambao babu zetu walipigana upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, wakachukua kwa mabega mizigo ya watu wengine kutoka Tanga hadi Ruvuma, hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hilo.

Herodotus alikuwa mwandishi mwadilifu kuliko wengi waliomfuata, na aliwasifu Waajemi pale walipostahili, hata baadhi ya Wayunani wakamshutumu kwa kuwapenda wageni. Hata hivyo hesabu aliyotoa ya askari wa miguu wa Xerxes, watu 1,700,000, haikubaliki kwa mwanahistoria yeyote wa leo, maana jeshi kama hilo lingekauka kwa kiu kabla ya kuiona Thermopylae. Na zaidi ya hesabu liko jambo kubwa zaidi: Waajemi hawakutuachia taarikhi yao ya vita vile. Walichotuachia ni maandishi ya wafalme yaliyochongwa katika majabali, na maelfu ya vibao vya udongo vilivyochimbuliwa mwaka 1933 katika magofu ya mji wao mkuu wa Persepolis, vilivyoandikwa na makarani wa posho. Vibao hivyo havitaji Marathon. Vyataja vibaba vya shayiri na vipimo vya mvinyo walivyopewa waashi, wasafiri, wachungaji na wanawake wafanya kazi. Vyaonyesha kwamba mama aliyejifungua mtoto wa kiume alipewa posho maradufu ya yule aliyejifungua wa kike. Katika kuta za jumba la mfalme mumo humo wamechongwa wajumbe wa mataifa wakileta hedaya, na wa mwisho wao ni watu weusi wa Kushi, mmoja akiwa amebeba pembe ya ndovu. Dario mwenyewe, katika maandishi ya kujengwa kwa jumba lake la Susa, ataja kwamba sehemu ya pembe zilizotumika humo ilitoka Kushi. Mimi nasema kwamba karani wa posho na yule mchukua pembe wana mengi ya kutueleza juu ya Ajemi ambayo Leonidas hawezi kutueleza, na mwenye kutaka kuijua dola ile ni sharti aanze kwao.

Mji huo wa Persepolis uko kiasi cha kilomita 60 tu kutoka Shiraz. Aleksanda wa Makedonia aliuteketeza mwaka 330 K.K., na riwaya moja ya Wayunani yasema kwamba alifanya hivyo kulipiza kisasi cha Athens. Nani miongoni mwetu hajalisikia jina la Shiraz? Kuanzia Mogadishu hadi Kilwa na Ngazija, koo nyingi za pwani husimulia kwamba wazee wao walitoka huko. Kitabu cha taarikhi ya Kilwa chataja merikebu saba zilizotoka Shiraz. Na chama kilichoundwa Unguja mwaka 1957 kikajiita Afro-Shirazi. Wanazuoni wa siku hizi huona kwamba riwaya hizo zimebeba zaidi fahari ya nasaba kuliko idadi ya wahamiaji, na kwamba miji yetu ilijengwa na watu wa papa hapa, nami nakubaliana nao. Lakini watu hawajifungamanishi na mahali pasipokuwa na sifa, na sifa ya nchi ile ya Fars ilikuwa imeenea katika bahari yetu tangu zama za kale.

Na hapa ndipo tunapoifikia bahari yenyewe. Dario, yule yule wa Marathon, ndiye aliyekamilisha mfereji wa kuunganisha mto Nili na Bahari ya Sham, akasimamisha mawe yenye maandishi kandokando yake kutangaza kwamba merikebu zimepita kutoka Misri hadi Ajemi; na ndiye aliyemtuma Skylax, baharia wa Kiyunani, ashuke mto Sindhi na kuizunguka Arabuni hadi kichwa cha bahari hiyo. Basi njia ya kuja kwetu ilianza kupimwa na Muyunani aliyeajiriwa na Mwajemi. Baada ya Aleksanda, wafalme wa Kiyunani waliotawala Misri walijenga bandari katika Bahari ya Sham ili wapate ndovu wa vita kutoka pande za Eritrea ya leo. Na katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri, asemaye Kiyunani na ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika mwongozo wa safari uitwao Periplus, ambamo bandari ya mwisho ya pwani yetu ni Rhapta: mji wa mashua zilizoshonwa, wenye pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa, ambapo wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya vioo, na ambapo manahodha wa Kiarabu kutoka bandari ya Muza, Yemeni, waliijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao.

Rhapta ilikuwa wapi? Wengi huitafuta baina ya pwani ya Dar es Salaam na delta ya Rufiji, na profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimbua katika eneo la Rufiji shanga za vioo anazozihesabu kuwa za zama za Warumi. Mtu asimamaye leo katika ufuko wa Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, mahali penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za kauri za Kichina, ameielekea njia ile ile iliyoandikwa na Muyunani yule, ingawa magofu yenyewe ni ya karne nyingi baadaye.

Karne zilipopita, bidhaa iliyowagombanisha Rumi na Ajemi kuliko zote ilikuwa hariri. Procopius, mwandishi wa zama za Kaisari Justiniano, asimulia kwamba yapata mwaka 531 Kaisari alimpeleka mjumbe kwa Kaleb, mfalme wa Aksum katika Uhabeshi, akimwomba Wahabeshi wanunue hariri ya Bara Hindi na kuwauzia Warumi, ili fedha ya Warumi isiende mikononi mwa adui. Mfalme aliahidi, lakini ahadi ile haikutimia, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kiajemi walikuwa wakikaa katika bandari ambazo vyombo vya Hindi hutia nanga kwanza, wakinunua shehena nzima, kama walanguzi wanavyolipokea lori la nyanya njiani kabla halijafika soko la Tandika. Jeshi haliwezi kitu mbele ya mtu aliyewahi bandarini na fedha taslimu.

Ushindani huo una kisa kimoja nikipendacho. Cosmas, mtawa wa Aleksandria aliyewahi kuwa mfanyabiashara, asimulia habari aliyoipata kwa Sopatros, mfanyabiashara wa Kirumi aliyesafiri na watu wa Aduli, bandari ya Wahabeshi, hadi Sarandibu, ambayo leo ni Sri Lanka. Siku ile ile ilitia nanga merikebu ya Waajemi, ikiwa na mjumbe wao. Wote wawili wakapelekwa mbele ya mfalme wa kisiwa, naye akauliza ni yupi baina ya wafalme wao aliye mkubwa. Mwajemi akatangulia kunena, akamtukuza bwana wake kuwa mfalme wa wafalme. Sopatros akanyamaza. Alipolazimishwa kujibu, alisema kwamba wafalme wote wawili wamo humo barazani, na mfalme na awatazame mwenyewe. Kisha akaomba zitolewe sarafu zao. Ya Kaisari ilikuwa ya dhahabu, ing'aayo na yenye umbo zuri. Ya Ajemi ilikuwa ya fedha. Mfalme akaamua kwa sarafu, akampandisha Sopatros juu ya tembo akamzungusha mjini kwa ngoma, na Mwajemi akatahayari. Cosmas, kwa uaminifu wake, aongeza kwamba sarafu za dhahabu zilizopelekwa huko zilikuwa zimechaguliwa kwa uzuri wake. Nasi tukumbuke kwamba hiki nacho ni kisa cha Muyunani juu ya Mwajemi. Kama yule mjumbe aliyetahayari alisimulia lake aliporudi kwao, halikuandikwa, au liliandikwa likapotea.

Vita vyenyewe vilifika karibu na mlango wetu katika Yemeni. Mwaka 525 Kaleb, akisaidiwa merikebu na Kaisari wa wakati huo, alivuka bahari akamwangusha mfalme wa Himyar aliyewaua Wakristo wa Najran. Na miongoni mwa Wahabeshi waliobaki huko alitokea Abraha, ambaye kila mtoto aliyesoma Juzuu Amma amjua kwa habari ya watu wa ndovu. Watu wa Yemeni walipochoka na utawala huo, Saif bin Dhi Yazan alimwendea mfalme wa Ajemi, Khosrow aitwaye Anushirwani, kuomba jeshi, na riwaya ya At-Tabari yasema kwamba mfalme, akiona nchi ile iko mbali na faida yake ni haba, alimpa wafungwa 800 waliotolewa gerezani wakapakiwa katika merikebu nane chini ya mzee Wahriz. Merikebu mbili zikazama. Waliosalimika, karibu 600, ndio waliowashinda Wahabeshi yapata mwaka 570, na tangu hapo mlango wa Bahari ya Sham, ulio njia ya Warumi kuja kwetu, ukawa chini ya bendera ya Ajemi. Siyo ajabu basi kwamba vigae vya vyombo vya rangi ya buluu na kijani kutoka Ghuba ya Uajemi huokotwa katika miji yetu ya kwanza, kama Unguja Ukuu.

Kilichobaki kilikuwa mapigano ya kumalizana. Kuanzia mwaka 602 Khosrow wa pili aliishambulia dola ya Rumi, akautwaa Yerusalemu mwaka 614, kisha Misri. Huko Maka, Makureshi walifurahia ushindi wa Waajemi na Waislamu walihuzunika kwa ajili ya Warumi, watu wa kitabu. Na wafasiri husimulia kwamba Abubakari aliwekeana dau la ngamia na mmoja wa Makureshi juu ya ahadi iliyoteremshwa katika sura ile, na kwamba Mtume alimshauri aongeze muda na azidishe ngamia. Mwaka 627 Kaisari Heraklio akalivunja jeshi la Ajemi karibu na Ninawi. Lakini washindi na washindwa walikuwa wamedhoofika sawasawa: kabla ya miaka kumi kwisha Warumi waliipoteza Sham kwa majeshi ya Waarabu, na mfalme wa mwisho wa Kisasani, Yazdegerd, akauawa mwaka 651, amekimbia nchi nzima asipate pa kujisitiri.

Waajemi wa baadaye walikuja kwetu wakiwa Waislamu na wenye kushika kalamu, wakiandika kwa Kiarabu. Nahodha Buzurg bin Shahriyar wa Ramhormuz, katika kitabu chake cha maajabu ya Hindi, amehifadhi habari ya merikebu iliyotoka Omani mwaka 310 wa Hijra kwenda Kanbalu, ikasukumwa na tufani hadi Sofala ya Zinji. Mfalme wa huko aliwapokea vyema mabaharia wakauza na kununua bila kudhulumiwa, na walipokuwa tayari kusafiri alipanda merikebuni na watu wake kuwaaga. Nahodha wa merikebu hiyo akatweka tanga akaondoka nao, akawauza Omani sokoni. Baada ya miaka kadhaa tufani iliwasukuma tena pale pale, na walipofikishwa barazani wakiwa wamekata tamaa walimkuta mfalme yule yule ameketi kitini: alikuwa amepelekwa Basra, akasilimu, akapelekwa Baghdadi, akatoroka huko, akahiji Maka, akapita Misri akaufuata mto Nili hadi kwao. Aliwasamehe, kwa kuwa kwa sababu yao ameijua dini, akawaruhusu wafanye biashara kama kwanza. Nahodha alipomwomba aje tena merikebuni kuagana, mfalme alikataa, akasema kwamba wao wenyewe waijua sababu.